Kurudi kwenye miamba ukiwa Goma: mwongozo kwa aliyekaa mbali miaka mingi

Kamba yangu ya kupandia miamba niliikuta stoo, imekunjwa vizuri kama nilivyoiacha miaka kumi na moja nyuma, na juu yake mtu ameegesha betri kuukuu ya sola. Niliinusa, nikaivuta hapa na pale, nikaipitisha yote mkononi. Sikuona kasoro. Rangi ni ileile ya buluu, hakuna uzi uliochomoka. Jioni hiyohiyo nikaikata vipande. Kimoja kinamfunga mbuzi wa jirani mpaka leo, kingine mke wangu anaanikia nguo.

Anayerudi kwenye miamba baada ya miaka anadanganywa na vitu viwili vinavyoonekana vizima: vifaa vyake na mwili wake. Asidi ya betri inakula nailoni ya kamba bila kuacha alama, na kamba ikikatika hakuna wa kumlaumu. Mwili nao una asidi yake. Ukianza mazoezi, misuli inaitika ndani ya wiki chache, unajisikia kijana. Lakini kano, zile nyuzi ngumu zinazounganisha msuli na mfupa, zinakwenda kwa hesabu ya miezi, kwa kuwa damu inayozifikia ni kidogo. Hapo katikati, msuli ukiwa umerudi na kano bado, ndipo wengi wetu tunaumia. Mwongozo huu wote umejengwa juu ya pengo hilo.

Nimewaandikia watu wa Goma waliowahi kupanda zamani: aliyesomea Nairobi akapanda Lukenya, aliyekaa Ubelgiji akapelekwa Freyr kando ya mto Meuse, aliyefanya kazi na wageni wakamfundisha kamba. Ambaye hajawahi kabisa atafute kwanza mwalimu wa kusimama naye. Maandishi hayashiki kamba.

Hatua ya kwanza: jipime bila huruma

Chukua karatasi uandike mambo manne: umekaa miaka mingapi bila kupanda, uzito wako wa wakati ule na wa leo, maumivu yote uliyopata katikati (bega, kiwiko, goti, mgongo), na daraja gumu zaidi, yaani kipimo cha ugumu wa njia ya mwambani, ulilowahi kupanda. Hilo la mwisho ukishaliandika, likunje uliweke mbali. Ni daraja la mtu mwingine.

Kisha fanya majaribio haya siku ambayo hujachoka. Ning'inia kwenye bomba au tawi nene kwa mikono miwili, uhesabu mpaka 30. Chuchumaa mpaka chini, visigino vikigusa sakafu, uinuke bila kushika kitu. Simama mguu mmoja, macho umefumba, sekunde 20. Piga pushapu kumi. Kushindwa hakukuzuii kuendelea, kunakuonyesha tu pa kuanzia. Kitu cha kukusimamisha ni maumivu: bega likichoma ukiwa unaning'inia, litibu kwanza. Na ukiwa umevuka miaka 40, pima presha na sukari kabla ya yote. Kifua kikibana ukipanda ngazi, nenda kwa daktari, mwamba utakusubiri.

Hatua ya pili: kagua vifaa, na uwe tayari kutupa

Watengenezaji wengi wa kamba na mikanda ya nailoni wanaandika kwamba mwisho wa kifaa ni miaka kumi hata kama hakijatumika. Kwa hiyo kamba iliyovuka miaka hiyo inatoka, hakuna mjadala. Bodriye, ule mkanda wa kiunoni na mapajani, nayo vilevile. Ikiwa bado haijafika umri, ipitie kwa vidole sehemu mbili: pale unapofungia kamba, na ule mviringo wa mbele unaobeba uzito ukishushwa. Nyuzi zikiwa na manyoya, au kitambaa kimekakamaa, au rangi imepauka kwa jua, itupe.

Vya chuma vina uhai mrefu. Karabina, zile pete za chuma zenye mlango, ambazo sisi wa shule za Kifaransa tumezizoea kama musketoni, zifungue na kuzifunga mara kumi kumi. Mlango usiorudi wenyewe uoshe kwa maji ya moto na sabuni, ukauke, uweke tone la mafuta mepesi. Ukikataa bado, karabina hiyo ifanye ya kushikia funguo. Angalia pia mahali kamba inapopita: kama imechimba mfereji wenye ukingo mkali, imekwisha.

Kofia ngumu ya plastiki inazeeka kwa jua kama beseni linalosahaulika nje. Huku kwetu, ambako mawe ya volkano yanameguka kwa urahisi, sipandi bila kofia na sitaki kusikia ubishi.

Viatu nimeona watu wakivilazimisha. Mguu unapanuka na umri, na raba ya zamani inakuwa ngumu mpaka inateleza kama kigae. Kwa miezi ya kwanza nunua viatu vinavyokaa vizuri, vidole vikiwa vimenyooka. Vya kukunja vidole waachie vijana.

Sasa neno kuhusu soko. Utaona kamba nzuri nene, za kufungia mitumbwi au kufunga mizigo kwenye malori, kwa bei ambayo ni sehemu ndogo ya ile ya kamba ya kupandia. Usizitamani. Kamba ya kupandia inavutika unapoanguka, na kule kuvutika ndiko kunakomeza nguvu ya anguko. Kamba isiyovutika inakusimamisha ghafla, na nguvu hiyo yote inaingia mgongoni mwako na kwenye nanga iliyokushika. Mitumba ya kamba na bodriye nayo hapana, hata muuzaji akiapa. Huwezi kujua ililala karibu na betri ya nani.

Hatua ya tatu: wiki sita za chini

Hapa ndipo watu wanakasirika. Wiki sita bila kugusa jiwe! Mimi pia nilikasirika, na mwisho wa makala hii nitawaambia kilichonipata.

Siku tatu kwa wiki zinatosha, nusu saa mpaka dakika arobaini. Pasha mwili joto kwa kupanda ngazi au kuruka kamba dakika kumi. Kisha tafuta ule ukanda wa mpira unaokatwa kwenye tyubu ya gurudumu, ambao watu wa pikipiki na wa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, wanafungia mizigo. Ufunge kwenye nguzo usawa wa kifua, uvute kwa mikono miwili ukibana mabega nyuma, mara kumi na tano, raundi tatu. Ni mazoezi ya bega ambayo kwenye majumba ya michezo yangekugharimu dola. Ongeza pushapu, kuchuchumaa, na kukaa kama ubao juu ya viwiko.

Kiwiko kina dawa yake, na kila mtaa wa Goma unayo: nyundo ya kuvunjia mawe. Kaa, mkono uegemee paja, shika mpini kwenye ncha yake ya mwisho, kichwa cha nyundo kiwe juu. Kipindue polepole upande wa kulia mpaka kilale, kirudishe juu, kipeleke kushoto. Polepole maana yake sekunde tatu kila upande. Mara kumi, raundi tatu, kila mkono. Nyundo nzito ikikushinda, shika mpini karibu zaidi na kichwa. Zoezi hili linaimarisha misuli ya mkono wa chini inayochoka bila mtu kujua, halafu kiwiko ndicho kinacholipa.

Kwa kushika, beba maji. Mabidoni mawili ya manjano ya lita 20, moja kila mkono, ni kilo 40. Anza na yaliyojaa nusu. Mabega yawe chini na nyuma, usiinamie mbele. Mama zetu na dada zetu wamefanya zoezi hili miaka yote bila kuliita zoezi.

Chakula sitakielezea sana. Maharage, sambaza za ziwani, mayai, lengalenga. Usijinyime ili upungue haraka: kano zinajengwa na chakula, na mwenye njaa anaumia upesi.

Hatua ya nne: ubao wa vidole

Kuanzia wiki ya saba vidole vinaingia kazini. Goma sina ukumbi wa kuta za bandia wa kuendea, kwa hiyo nilikwenda kwa fundi anayechonga chukudu, kwa sababu anajua mti mgumu na anajua kulainisha. Nilimchorea: ubao wa mkaratusi uliokauka, urefu sentimita 60, wenye kingo mbili, moja ya kina cha milimita 30 na nyingine ya milimita 20. Kijana akaugeuzageuza.

"Papa, hii ni ya kutundikia nini?"

"Ni ya kunitundika mimi. Kwa vidole."

"Kama popo?"

"Popo ananing'inia kwa miguu."

Alicheka, akaniongezea msasa bure. Na msasa ndio jambo lenyewe: ukingo wa ubao lazima uwe wa mviringo, kama mgongo wa kijiko, usiwe na pembe. Pembe inakata ngozi na kukandamiza vidole mahali pabaya. Ubao ukishakamilika usipakwe vanishi, utateleza. Ufunge kwa skrubu ndefu kwenye boriti inayobeba paa, si kwenye ubao mwembamba wa dari.

Ili uelewe unachokilinda, angalia kiganja chako. Ndani ya kila kidole kano inapita ikiwa imeshikwa kwenye mfupa na vipete vya nyama ngumu, kama waya wa breki ya baiskeli unavyoshikwa kwenye fremu. Kipete kinachobeba mzigo mkubwa kiko chini ya kidole, kati ya kiganja na kifundo cha kwanza. Ukishika ukingo mdogo kwa kukunja vidole kabisa na kubana gumba juu yake, kile kipete kinavutwa kwa nguvu nyingi. Ndiyo maana mshiko huo umefungwa kwako kwa miezi sita ya kwanza. Shika kwa vidole vilivyonyooka kiasi, au vilivyokunjwa nusu, gumba likiwa pembeni.

Mazoezi ni haya. Simama chini ya ubao, miguu ikiwa juu ya kiti au sakafuni. Shika ukingo wa milimita 30, pakia uzito taratibu mpaka uhisi kazi ya kati, ukiwa bado unaweza kuongea. Shikilia sekunde kumi. Shuka, pumzika dakika mbili mpaka tatu. Rudia mara sita, basi. Siku mbili kwa wiki, kati yake ziwe saa 48 au zaidi. Baada ya wiki mbili punguza msaada wa miguu kidogo, baada ya wiki nne jaribu ukingo wa milimita 20, miguu ikiwa inasaidia. Kuning'inia bila miguu hakuna haraka.

Mwisho wa kila kipindi, vaa raba nyembamba iliyokatwa kwenye tyubu kuzunguka vidole vyote vitano, uvifungue kama ua, mara ishirini. Kufunga vidole tu bila kuvifungua kunaiacha nyuma misuli ya upande wa pili.

Hatua ya tano: kuta za mtaani, na mawe yetu

Kuta za Goma zimejengwa kwa mawe ya volkano, na ukuta mzuri ni shule. Panda kwenda pembeni, miguu isizidi nusu mita kutoka ardhini, mita kumi kwenda, mita kumi kurudi. Lengo si nguvu. Sikiliza miguu: kiatu kikigonga jiwe, rudia hatua hiyo mpaka kitue kimya. Mikono iwe imenyooka, kiuno karibu na ukuta, magoti ndiyo yakusukume. Mambo haya mwili unayakumbuka, na siku yanaporudi utatabasamu peke yako mbele ya jirani.

Lakini omba ruhusa kwa mwenye ukuta, na umjue ukuta wenyewe. Mawe yaliyopangwa bila simenti, kama yanavyozungushiwa viwanja vingi, hayapandwi kamwe: likichomoka moja la chini, yote yanakuangukia miguuni. Angalia chupa zilizovunjwa zilizopachikwa juu. Ondoa kokoto pale utakaporukia.

Vipi miamba ya lava yenyewe, ile ya 1977, ya 2002 na ya 2021? Lava ya Nyiragongo inajulikana kwa kuwa nyepesi, inakimbia kama uji. Ikipoa juu inaacha ganda lenye matundu, na chini yake mara nyingi ni tupu. Gonga kwa ngumi kabla ya kushika: likilia kama chungu, usiliamini. Likinyamaza, vuta kwanza kuelekea chini, kamwe usilivute kuelekea kwako. Hata lililo imara linachuna ngozi kama kikwaruzo, kwa hiyo dakika ishirini zinatosha. Sugu zinazojitokeza vidoleni zisawazishe kwa jiwe lilelile jepesi la kusugulia visigino, kabla hazijanyanyuka na kuchanika.

Na kuna mazuku. Watu wa Himbi, Lac Vert na Bulengo hawahitaji kufundishwa, lakini anayerudi kutoka mbali huenda amesahau. Gesi ya kaboni inatoka ardhini, ni nzito kuliko hewa, inajikusanya kwenye mabonde na mashimo ya lava, zaidi usiku na alfajiri wakati hakuna upepo. Haionekani, na mbuzi wanaokufa shimoni ndio wanaotuonyesha ilipo. Mwamba mzuri ulio ndani ya shimo, hata uwe mzuri namna gani, upite. Usifanye mazoezi alfajiri mahali palipozama, na usimshushe mtoto kukuokotea kiatu.

Hatua ya sita: kamba, mkiwa bado chini

Kabla ya safari yoyote, wewe na mwenzako fanyeni jioni nne nyumbani. Fungeni fundo lenye umbo la nambari nane, ncha ya kamba ikilifuata fundo kurudi, lifungueni, lifungeni tena, taa ikiwa imezimwa. Anayeshika kamba apitishe kamba kwenye kifaa cha kuzuia huku mwenzake akivuta kutoka upande wa pili. Mkono ulio upande wa breki hauachii kamba hata nzi akitua usoni. Miaka uliyokuwa mbali, vifaa vinavyosaidia kubana kamba vyenyewe vimeenea sana. Ni vizuri, ila kila kimoja kina namna yake ya kuingizwa kamba, na ukikigeuza hakibani.

Kubalianeni maneno, kwa lugha moja. Sisi tunatumia manne: "Kaza", "Legeza", "Nimekaa", "Shusha". Nimewahi kuona mmoja akiita kwa Kifaransa, mwenzake akajibu kwa Kiswahili, na wa juu akakaa kwenye kamba ambayo wa chini alikuwa ameilegeza. Alishuka mita mbili na akili ikamrudi.

Kila mara kabla ya kuondoka ardhini, mkaguane kwa mikono: vifungo vya bodriye, fundo, kifaa, karabina imefungwa. Mwisho wa kamba, ule ulio chini, ufungwe fundo. Ajali ya kushushwa mpaka kamba ikaisha na kupita kwenye kifaa inawapata hata wenye uzoefu, na fundo hilo la sekunde tano linaizuia.

Na usipande peke yako. Albert wa Kwanza, mfalme wa Wabelgiji, ambaye hifadhi yetu ya Virunga ilipoanzishwa mwaka 1925 ilipewa jina lake, alikuwa mpandaji mzoefu. Tarehe 17 Februari 1934 alikwenda peke yake kwenye miamba ya Marche-les-Dames, karibu na Namur, akaanguka akafa. Alikuwa na miaka 58.

Hatua ya saba: mwamba wenyewe

Baada ya miezi mitatu ya chini, safari. Kutoka kwetu, mahali penye historia ya upandaji ni Kenya: Lukenya, kando ya barabara ya Mombasa, na Hell's Gate karibu na Naivasha, penye mnara wa Fischer wenye urefu wa mita 25 hivi. Ukiwa Nairobi pita kwanza kwenye ukumbi wa kuta za bandia, ukae siku mbili ukishikwa kamba na watu usiowajua; watakusahihisha bila aibu.

Siku ya kwanza kamba iwe imeshafungwa juu kabla hujapanda. Toa daraja la zamani ulilolikunja kwenye karatasi, ushuke madaraja mazima mawili: kwa hesabu ya Kifaransa, aliyekuwa wa 6b aanze na 4. Panda njia nne au tano, kisha funga. Siku ya pili pumzika au tembea. Kutangulia na kamba, yaani kupanda ukiipeleka juu mwenyewe, kuanzie safari ya pili, kwenye njia ambayo tayari umeipanda ukiwa na kamba juu. Hofu itakuja, na itakuwa kubwa kuliko ya ujanani, maana sasa una watoto. Izoeshe kwa maanguko madogo ya makusudi: kamba ikiwa juu, mwambie mwenzako, achia. Mara ya tano moyo unatulia.

Kidole kikilia

Nilichoahidi kusema ni hiki. Wiki ya tatu, nikijisikia na nguvu, nilishika ukingo mwembamba wa boriti kwa vidole vilivyokunjwa na gumba juu. Nikasikia "taa!" kama kijiti kikavu, kwenye kidole cha pete cha mkono wa kulia. Hakikuuma sana, ndiyo hatari yake. Usiku kilivimba, asubuhi sikuweza kufunga kifungo cha shati.

Ukisikia mlio huo, acha saa hiyohiyo. Chovya mkono kwenye maji baridi, usivute kidole "kukirudisha". Nenda hospitali wakakipige picha ya ultrasaundi, na uulize waziwazi kama kano inanyanyuka kutoka kwenye mfupa ukikunja kidole. Ikiwa inanyanyuka, unahitaji mtaalamu wa mikono. Ikiwa ni mchaniko mdogo, hesabu wiki sita au zaidi bila kuning'inia, huku ukikikunja na kukikunjua taratibu kila siku kisikakamae. Plasta ya kuzungushia inakumbusha kidole kwamba ni mgonjwa, haikitibu.

Mimi nilijua nimepona siku nilipoweza kukamua kitambaa cha kudekia, kizito na chenye maji, mara tatu mfululizo, na kesho yake kidole kikaamka kimya. Nikarudi ubaoni, ukingo wa milimita 30, miguu yote miwili sakafuni.